Mlima Uliomchukua Muanpuii

Mvua ilinyesha wiki nzima, na asubuhi moja mlima ukaporomoka. Biakthuami alikuwa jikoni akichagua mchele. Akasikia kishindo, akatoka mbio, akakuta banda la nguruwe halipo. Muanpuii, binti yake wa pekee waliyezoea kumwita Muani, alikuwa ameshuka kwenda kuwalisha.

Vijana wa kijiji wakaja na majembe na sururu, kama ilivyo desturi yao. Msiba ukiingia nyumba moja, hakuna aendaye shambani. Walichimba kutwa, siku baada ya siku. Wakapata ndoo, wakapata ndala moja. Sangzuala, baba wa binti, alichimba kwa mikono mpaka kucha zikamtoka.

Kisha udongo ukashuka tena, ukamvunja kijana mmoja mguu. Zirliana, kiongozi wao, akamfuata Biakthuami, matope yamemfika kiunoni.

"Mama, sisi hatuachi mpaka wewe useme."

Biakthuami akawatazama wale vijana, kila mmoja ana mama yake. Miaka mingi alikuwa akiwaambia akina mama wenzake kanisani kwamba hakuna kitu kinachomponyoka Mungu. Wakati huo yalikuwa maneno mepesi. Sasa yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Acheni, wanangu," akasema. "Rudini kwa mama zenu."

Sangzuala akainuka kutoka shimoni. "Mama Muani, unamwacha mtoto humu?"

"Mimi sijui alipo. Mungu anajua."

"Huyo Mungu wako alikuwa wapi mlima ulipoporomoka?"

"Alikuwepo. Nami nina maneno naye, usidhani sina. Lakini kama mlima huu haumo mkononi mwake, basi na Muani hayumo. Hilo ndilo nisiloliweza, Baba Muani."

Sangzuala akampa kisogo.

Majirani walikuja kila jioni kuimba nyumbani kwa wafiwa, ngoma ikipigwa taratibu. Biakthuami aliwapa chai ya rangi, lakini mdomo haukufunguka kuimba. Sangzuala alikaa nje, mgongo ukutani.

Mlima haukushuka tena. Mvua zikaisha, udongo ukakauka, watu wakaanza kunong'ona kwamba yule mama aliharakisha, wangeongeza siku chache wangempata. Maneno yakamfikia. Aliingia ndani, akajifunika shuka gubigubi.

Sangzuala akarudi kuchimba peke yake. Kila mchana mkewe alimpelekea wali na mboga za kuchemsha, akakaa juu ya jiwe akimngoja ale. Baridi ikaingia, bado hajapata kitu.

Siku moja Sangzuala akaegemea jembe.

"Huogopi kwamba ulikosea?"

"Kila siku naogopa."

"Sasa unaishi vipi?"

Biakthuami akamsogezea sahani. "Nikiamka nasema, hata kama nilikosea, kosa langu halimshindi Mungu. Muani hakuanguka nje ya mikono yake kwa sababu yangu. Hapo napata nguvu ya kuwasha moto. Siku nyingine sizipati, nauwasha hivyo hivyo."

Sangzuala akala mpaka sahani ikabaki tupu. Kisha, bila kumtazama, akamwomba aimbe ule wimbo wa msibani, ule ambao watu waliurudia rudia. Yeye aliusikia akiwa nje.

Akaanza. Sauti ilikatika kwenye mstari wa kwanza, akaanza upya. Mumewe alikuwa ameshalishika jembe, lakini hakulishusha mpaka wimbo ulipokwisha.

Kisha akaendelea kuchimba.