Tiketi ya Maneji ya Noeli

Bantu ya muji yetu, Baraka, banasemaka mi ni mwanamuke ya tamaa. Baseme. Miaka makumi mbili nimeuza ndagala, samaki dogo dogo ya kukausha, kwa soko, na muuzaji asiye na tamaa, batoto yake banalala njaa. Lakini ile ya Noeli ya mwaka 2000 sikuifanya juu ya tamaa peke yake. Niliifanya juu ya mutoto yangu Nadège. Nitaisema yote, na mwenye kutaka kunihukumu anihukumu kisha. Asinikate maneno.

Bwana yangu, Fabien, ni seremala. Mbele ya vita alikuwa anatengeneza boti. Vita ikakuya, mbao ya boti ikakosa, akatengeneza maneji na mabaki. Nguzo moja katikati, mikono sita ya mbao, kwa kila mukono farasi mbili. Vijana bane banasukuma na mabega, inazunguka, batoto banapiga kelele. Fabien hajaona farasi hata siku moja, na zile zake zinafanana na mbuzi, lakini ukimwambia ananuna siku tatu. Kila Noeli aliisimamisha kwa kiwanja ya masomo, kando ya kanisa. Mi naweka mandazi na loteri, tunafunga kamba pembeni, tunauzisha tiketi kwa mulango. Njo ilikuwa kermesi yetu.

Na kermesi haikuwa ya bantu ya Baraka peke yabo. Bantu ya Ubwari, ngambo ya ziwa, balikuwa banavuka maji asubuhi, mia tatu, mia ine, na mitumbwi na boti. Banasikiliza misa, banaingia kwa maneji, na saa tisa banashuka kwa maji pamoja, banaimba, banarudi kwabo. Vita haikukata ile desturi. Hata basoda balioshika muji baliiacha, juu nabo balipenda kuona bantu banacheka mara moja kwa mwaka.

Sasa sikia shida ilikuwa wapi. Ule mwaka muji ilikuwa kwa mikono ya komanda moja, jina yake Bertin. Mwezi wa kumi alimuona Nadège kwa njia ya kisima. Mutoto alikuwa na miaka kumi na saba, anajifunza kushona. Komanda akatuma sukari kilo mbili na sabuni. Fabien akarudisha. Akatuma tena, safari hii pamoja na neno: kisha Bonne Année, mwaka mupya, atakuya kuchukua bibi yake. Hakusema kuomba. Alisema kuchukua. Mutoto ya jirani yetu Pulchérie alichukuliwa vile, na mpaka leo Pulchérie hajui mutoto alizikwa wapi. Basi nikajua tarehe ya mutoto yangu, sawa vile unajua tarehe ya soko.

Kumutoa kwa njia ya mulima haikuwezekana, kule kulikuwa bengine na bunduki yabo. Ilibaki maji. Lakini kwa bandari kulikuwa bariere, na soda moja ya Komanda ameketi na kaye, daftari yake, anaandika kila muntu anayepanda boti. Binti ya muji akitaka kuvuka, lazima aonyeshe karatasi yenye Komanda ameitia mukono mwenyewe. Tungemuomba nini, aandike ruhusa ya kumukimbia?

Njo nikaenda kwa Yunusu. Yunusu ni muislamu ya Ubwari, mwenye boti ya motere, tumefanya naye biashara ya ndagala tangu zamani na hajanidanganya hata kitunga moja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Nadège," akasema, "ngojeni Noeli. Bantu yetu bakirudi mia tatu kwa mara moja, ule soda hawezi kuandika. Kila mwaka anafunga kaye, anaangalia tu. Mutoto avae sawa bamama ya kwetu, abebe kitunga kwa kichwa, aingie katikati yabo. Akifika Ubwari, usiku yake mi nitamuvusha mpaka Kigoma."

Kule Kigoma, Tanzania, kwa kambi ya bakimbizi, kulikuwa Florentine, dada ya Fabien. Bei ya Yunusu ilikuwa dola kumi na tano. Nikarudi nyumbani nimepona nusu.

Tiketi ya maneji ilikuwa faranga makumi mbili tangu mwaka ya mbele. Wiki ile ile Komanda akatuomba dola kumi, ati ya ruhusa ya kufanya fête, sikukuu yetu. Nikapandisha tiketi, nikasema makumi tano. Kisha Yunusu akakuya, macho chini. Mafuta ya motere imepanda, akasema, na kwa maji kuna basoda ya upande ingine, nabo banataka kintu yabo. Haikuwa tena kumi na tano, ilikuwa makumi tatu. Sikumulaumu, mukono mutupu haulambwi. Nikapandisha tena: faranga mia.

Fabien aliacha kuchonga, akaniangalia. "Mama Nadège, nani atalipa ile?"

"Fête ni fête," nikamujibu. "Siku ya fête hata chumvi inapanda. We chonga mbuzi yako, bei uniachie mi."

Akaniachia. Ni muntu ya kimya, na kwa maneno ya bei ananiaminiaka kuliko padri.

Siku ya Noeli ikafika, na bantu balikuya kuliko mwaka yoyote. Misa ikiisha nikabaona banatoka kanisani, bamama ya Ubwari na vitenge ya kupiga pasi, batoto bamepakwa mafuta mpaka kwa magoti, banakuya moja kwa moja kwa mulango yetu. Nilikuwa nimekosa bado dola nane kwa zile makumi tatu. Nikaona ile umati, na moyo ya soko ikaamka ndani yangu. Nikapangusa ubao ya masomo yenye tulisimamisha kwa mulango. Nikaandika na chaki, namba kubwa: 150.

Hapa njo nitaeleza, juu muntu asiyeuza hataelewa. Kwetu kwa soko bei ni mwanzo ya maneno. Mi nasema mia, we unasema makumi ine, tunatukanana kidogo, unaniuliza kama ndagala yangu imezaliwa Ulaya, tunacheka, tunaachana kwa makumi sita. Na muteja akiondoka, humuite. Unageuza uso, unapanga samaki yako sawa haukumuona. Atazunguka, ataona bei ya bengine, atarudi. Miaka makumi mbili ile haijaniangusha. Ile asubuhi nilikuwa tayari kushuka mpaka makumi tano, hata makumi tatu kwa mama mwenye batoto mingi. Nilikuwa nangoja tu muntu moja aanze kubishana.

Hakuna aliyebishana. Balisoma ubao, na bale hawakujua kusoma balisomewa na benzabo. Namba ya chaki, kwa kiwanja ya masomo, kando ya kanisa: balizani ni bei ya misioni. Na nani anabishana na misioni? Bei ya mudomo unaipiga, bei ya kuandika unailipa ao unaenda. Mama moja alihesabu batoto yake na kidole, batano. Akahesabu tena, sawa bangepunguka.

"Dada," akaniambia na heshima, "tutarudi mwaka ingine."

Na mi nikageuza uso, nikapanga tiketi zangu.

Nilifikiri batazunguka kidogo barudi. Bazunguke wapi? Soko ilifungwa, maneji ilikuwa moja. Balisimama kwa kivuli ya kanisa, batoto banaangalia zile farasi kwa mbali. Kisha mama moja akanyanyua kitunga yake, mwingine akamufuata. Sikubaona bakiisha, juu wakati ile ile Komanda Bertin alifika na basoda makumi tatu.

Yee hakuogopa ubao. Alilipa tiketi ya bote kwa mara moja, noti mupya, akanicheka kwa macho. "Mama mukwe, we unajua kazi," akasema. Vijana ya kusukuma bakakimbia. Basi Fabien mwenyewe, muzee ya miaka makumi tano na moja, akaweka bega kwa mbao na akabasukuma, banaume bazima na bunduki kwa mapaja, miguu yabo inaburuza kwa vumbi. Balizunguka, bakashuka, bakapanda tena. Kwa kamba hapakuwa mutoto hata moja.

Saa sita nilihesabu. Dola makumi tatu ya Yunusu ilikuwa kamili, na ingine ilibaki. Nilifurahi. Sitadanganya, nilifurahi mpaka nikakula mandazi moja ya kuuza. Nilifikiri: mutoto yangu amepona, na ni huyu huyu Komanda amelipa safari.

Tulikuwa tumepanga hivi. Nadège atajificha na mi nyuma ya nyumba ya kukausha ndagala, karibu na maji. Tukisikia bantu ya Ubwari banashuka na nyimbo, ataingia katikati yabo. Saa nane na nusu tulikuwa pale. Alivaa kitenge ya kuzeeka, kitambaa kwa kichwa mpaka kwa nyusi, kitunga na mihogo ndani. Nikamupiga mugongo polepole sawa wakati alikuwa mudogo. Tukangoja nyimbo.

Saa tisa ikafika, hakuna nyimbo. Robo, hakuna. Nikatoka kuchungulia.

Muchanga ilikuwa mutupu. Zile mitumbwi zote zilikuwa zimeenda tangu saa saba, zingine niliziona bado kwa mbali, zimekuwa dogo. Bantu balirudi kwabo na makumi mbili yabo ndani ya mifuko, juu kwetu hapakuwa tena kitu ya kungojea. Ilibaki boti ya Yunusu, na bantu tisa ndani. Soda ya bariere alikuwa ameketi, kaye imefunguliwa kwa magoti. Alikuwa ameisha kuandika tisa, na hakuwa na kazi ingine.

Yunusu aliniona. Akatingisha kichwa mara moja, kidogo tu. Nilielewa. Nani hangeelewa? Alikuwa anasema hapana, siyo leo.

Lakini leo ilikuwa ya mwisho. Yunusu hangerudi mbele ya Bonne Année, na Bonne Année Komanda angekuya. Na tena kuna hii, na ni ngumu kuisema: kama ningemurudisha mutoto nyumbani, ningelazimika kumwambia juu ya nini bantu balienda mapema. Sikutaka kuisema. Yesu Maria, sikutaka hata kuifikiri. Nadège alikuwa ametoka nyuma yangu, anaangalia ile muchanga kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule.

"Mama, bantu iko wapi?"

"Iko mbele," nikamwambia. "Enda."

Alikuwa mutoto ya kusikia. Akaweka kitunga muzuri kwa kichwa, akaenda. Hatua mia kutoka pale mpaka kwa boti, na bariere katikati. Ule soda alimuangalia tangu hatua ya kwanza, juu hapakuwa kingine cha kuangalia. Akamuuliza jina. Nadège akajibu ile tulimufundisha: Faida, wa Ubwari. Soda akaanza kuiandika. Lakini mwenzake aliyekaa kando, anakula muhindi, njo ule alileta sukari nyumbani kwetu. Katikati ya bantu mia tatu hangenyanyua kichwa. Pale alinyanyua. Akaweka muhindi chini, akasimama, akamutoa mutoto kitambaa kwa kichwa.

Nilikimbia. Nilimushika soda mukono, nikafungua kitenge yangu, nikamupa pesa yote, zile makumi tatu na ile ilibaki. Aliichukua, akaiweka mufukoni, na akaendelea kumushika mutoto yangu. Yunusu alisukuma boti kwa maji. Alikuwa na bantu tisa ya kuokoa, simulaumu.

Balimupitisha mbele yangu. Hakulia, na hakunitukana.

"Mama," akaniambia, "ulisema iko mbele."

Mwezi wa tatu bale basoda balihama Baraka, na Nadège pamoja nabo, na ile njo maneno ya mwisho mutoto yangu aliniambia.