Mkate Ulioangukia Majivuni

Asubuhi ile mjukuu wangu Botir alikuwa anaondoka kwenda jeshini, na kwetu mtu hasafiri kabla hajaung'ata mkate wa nyumbani. Huung'ata mara moja tu. Unaobaki tunautundika ukutani, umngoje aje aumalize.

Miaka yote niliuoka mimi. Siku hizi bega langu halitaki kuinama tanurini, kwa hiyo zamu ilikuwa ya mkewe, Zulhumor, binti wa mjini aliyezoea mikate ya dukani.

"Bibi, si bora uoke wewe?" akaniuliza. "Wangu ukiharibika, ni nini kitakachomngoja?"

"Mimi si mke wake. Kanda."

Alikanda vizuri, akaufunika unga kwa blanketi mpaka ukaumuka. Tanuri lilipokuwa jeupe kwa moto, akavaa glavu ndefu, akaubandika mkate wa kwanza kwenye ukuta wa ndani wa tanuri. Hakuwa ameulowesha mgongo kwa maji ili ushike. Nilipofungua mdomo nimwambie, ulikuwa umeshabanduka na kuangukia majivuni.

Jirani yetu Hosiyat alikuwa akichungulia juu ya ukuta wa ua. "We Zulhumor, unamlisha mume au unalilisha tanuri?"

Zulhumor alilowesha migongo ya mikate iliyobaki, akaibandika, nayo ikashika. Lakini kabla haijaiva, gari la kumchukua Botir likapiga honi nje. Hosiyat akatoweka. Aliporudi alipitia mlangoni, mkate wa moto mkononi, umefungwa kitambaani.

"Mpe huu," alisema taratibu. "Gari halingoji."

Botir akaingia na begi lake. Zulhumor akamnyooshea mkate wa jirani, macho chini.

"Wako uko wapi?"

"Bado mibichi. Mmoja umeanguka."

Botir akachukua upawa, akauchokoa ule wa majivuni. Upande mmoja ulikuwa mweusi. Akaupuliza, akaufuta kwa mkono wa shati, akaung'ata. Sote tulisikia mchanga wa majivu ukisagika menoni.

"Chumvi imekaa sawa," alisema.

"Na majivu yamekaa sawa," akasema Hosiyat, na Zulhumor akacheka, machozi yakimtoka. "Wangu je, niurudishe?" akauliza Hosiyat.

"Wako nitaula njiani, shangazi."

Alipoondoka, Zulhumor akapanda kiti akautundika ule mkate mwenyewe, upande mweusi ukiwa nje. Nikamwambia augeuze. Akasema niuache hivyo, ndio upande alioung'ata Botir.

Botir alirudi zabibu zilipokuwa zinavunwa. Siku hizo Zulhumor alikuwa akioka vizuri mpaka Hosiyat anamletea unga wake amwokee, na hakuna aliyemkumbusha mambo ya tanuri. Tuliushusha mkate wa ukutani, mgumu kama kigae, Botir akauchovya kwenye chai kipande kwa kipande. Mbele yake palikuwa na mkate mwingine wa moto, mwekundu, umejaa ufuta. Hakuugusa mpaka alipoumaliza ule wa majivu.