Uzi wa Mwashi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa kumi jioni. Nilikuwa nimewashikisha uzi watoto watatu wa safu ya nyuma ya timu yangu ya mpira, mwenyekiti wa kamati ya michezo ya mtaa akaja anatazama simu.

"Mzee wangu, kuanzia Jumamosi asiye na cheti cha ukocha haingii uwanjani."

"Ofisi yako niliijenga mimi bila cheti," nikamwambia. "Mbona haijakuangukia?"

Akacheka puani, akaenda zake. Ndivyo walivyo wakubwa. Mke wangu alipozidiwa, walitaka kwanza karatasi ya rufaa. Karatasi ilipopatikana, mgonjwa hayupo. Tangu hapo nikisikia habari za karatasi, mate yananiwia machungu.

Mtoto wa miaka mitano, sita, hajui kulinda. Mpira ukitupwa, wote kumi na wanne wanaurukia kama kuku waliomwagiwa mtama, goli linabaki na kipa anayechezea mchanga. Mimi niliishia darasa la nne, vitabu vya mpira sivijui. Lakini mstari naujua. Nikachukua uzi wangu wa kunyooshea matofali, nikawashikisha. Mmoja akisogea, wote wanasogea. Uzi ukilegea, kuna aliyelala. Ukikatika, kuna mlafi.

"Msiukimbilie mpira," nawaambia kila siku. "Zibeni njia. Mwacheni aje, atachoka mwenyewe."

Wa katikati ni mjukuu wangu, miaka sita, meno mawili ya mbele hana. Namwita mke wangu, naye ananiita mume wangu, utani wa babu na mjukuu. Amerithi jina la marehemu, na ubishi wake wote.

Jumamosi, siku ya mechi, nikasimama nje ya uzio. Ndani, kijana wa kamati mwenye cheti, viatu vyeupe, filimbi shingoni.

"Fuata mpira! Wote mbele!"

Wakafuata. Dakika ya tatu tukafungwa.

Mpira ukiwa bado wavuni, mjukuu akaja mbio hadi kwenye uzio. "Mume wangu, uzi uko wapi?"

"Mfukoni. Nimekatazwa kuingia."

Akanitazama kama bibi yake alivyokuwa akinitazama nikisahau chumvi. "Basi tutajifanya tunao."

Akarudi, akakunja ngumi kiunoni. "Shikeni."

Wenzake wawili nao wakashika hewa. Wa kulia alishika hewa kwa mkono mmoja na kaptula kwa mwingine, maana mpira wa kiunoni umelegea. Kocha akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, hakuna aliyegeuka. Wapinzani wetu walikuwa na mtoto mmoja mwenye mbio, wanamwita Pikipiki. Akaja kushoto, ukuta ukasogea kushoto. Akaja kulia, ukuta uko kulia. Akajaribu katikati, akamkuta mke wangu amesimama, hamvamii, anamsubiri tu. Pikipiki akageuka, akagongana na mwenzake, akakaa chini akilia.

Mpaka filimbi ya mwisho, kipa wetu hakugusa mpira tena. Alijenga kinyumba cha mchanga, kikaisha.

Tulifungwa moja bila. Nami nilisimama pale kifua mbele kama niliyejenga ghorofa kwa mikono yangu mwenyewe. Nimejenga kuta nyingi, ila ule ndio wa kwanza kusimama bila uzi wala mimi.

Mgeni rasmi, mama mmoja wa makamo kutoka ofisi ya juu, akashuka jukwaani hadi kwa mwenyekiti. "Hawa watatu wa nyuma, nani kawafundisha?"

Mwenyekiti akamtazama kocha. Kocha akatazama viatu vyake. Mjukuu wangu akanyoosha kidole kwangu.

"Yule pale. Ni mume wangu."

Mama akacheka mpaka akafuta machozi. Halafu akanitazama vizuri, mimi na vidole vyangu vya saruji kwenye matundu ya uzio, akamgeukia mwenyekiti na kumuuliza jambo ambalo kamati imeshalikalia vikao viwili, na jibu halijatoka:

"Sasa kwa nini yuko nje?"