Mchicha wa Trei ya Tatu

Mwanamke wa kumwagilia aliinamia trei ya tatu, kipenzi chake. Trei zote za kitalu cha utafiti zilikuwa na udongo uleule wenye madini ya risasi. Kwenye mbili za mwanzo mchicha ulikuwa umedumaa, majani ya njano, unatia huruma. Ya tatu ilinyweshwa maji ya kalsiamu na zinki, na miche yake ilinawiri mpaka raha.

Ndiyo maana kwa miezi miwili alikuwa akibeba mabaki ya maji hayo kwa dumu hadi kwenye bustani yake nyuma ya nyumba, ambayo mchicha wake ulikuwa na njano ileile. Sasa ilikuwa ikilisha wanawe wawili, mama mkwe na majirani, naye alijiona mjanja kuliko wasomi wote wa kituo.

Mtaalamu wa maabara aliingia na karatasi mkononi.

"Dada, hiyo trei ya tatu usiimwagilie tena. Tunaiharibu leo."

"Mchicha mzuri hivi? Si bora nikapike."

"Uzuri wa macho tu huo. Virutubisho vimeusaidia mche uvumilie, ukakua. Risasi bado imo kwenye majani, mara nne ya kiwango salama. Ule mbovu angalau mtu akiuona hauli."

"Udongo wenyewe mliutoa wapi?"

"Kule nyuma ya kiwanda cha betri kilichofungwa."

Ukuta wa kiwanda hicho ndio uliopakana na bustani yake. Mwanawe mdogo, wa miaka minne, jana alikula sahani mbili, naye akamsifu.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo.

"Watu wa mtaani kwetu mmewaambia?"

"Matokeo hayajatoka, mama. Tukiropoka ovyo tutazua taharuki."

"Yatatoka lini?"

"Wakubwa wakishasaini. Labda mwakani."

"Basi nipe hata nakala nikawaonyeshe."

"Wewe kazi yako kumwagilia."

Aliondoka bila kuomba ruhusa. Nyumbani aling'oa mchicha wote, tuta baada ya tuta, huku mama mkwe akimuuliza kama amerukwa na akili. Majirani walikusanyika. Aliwaeleza yote, risasi, majani, watoto.

"Shoga, kijani chote hiki kina sumu?" mmoja alicheka. "Karatasi ya daktari iko wapi?"

Hakuwa nayo. Aliingia ndani kutafuta gunia la kuzolea, akawavalisha watoto viatu awapeleke hospitali wakapimwe damu. Aliporudi uani, majirani walikuwa wameondoka na mchicha haukuwepo, hata jani.

"Wamegawana," mama mkwe alisema. "Wamesema Mungu akubariki."

Aliwashika wanawe mikono, akaenda kugonga mlango wa kwanza. Ndani, vitunguu vilikuwa tayari vinakaangwa.