Kimya Hakichapwi

Katika ofisi ile ya utafiti, mchapaji alikuwa na kanuni moja: chapa maneno, ruka vilio, kikohozi na kimya. Kazi yake ilikuwa kuvaa hedifoni na kugeuza sauti za wanawake waliowahi kutoa mimba ziwe maandishi. Majina yao hakupewa, wala hakuyataka.

Wakubwa wake wawili walikuwa paka na panya. Mmoja, aliyebandikwa jina Bwana Majeraha, alishikilia kuwa kutoa mimba huwavuruga wanawake akili. Mwenzake, Bibi Nafuu, alisema huo ni upuuzi mtupu. Wengi hupumua na kuendelea na maisha. Kila mmoja alipita mezani pa mchapaji kudokoa sentensi inayomfaa, kama mtu anayedokoa nyama chunguni akaacha mchuzi.

Asubuhi moja alibonyeza kitufe, akaganda. Ilikuwa sauti ya mdogo wake.

"Sijuti," ilisema. "Nilipotoka pale nilishusha pumzi."

Kikafuata kimya kirefu. Kidole kilikwenda chenyewe kukiruka, akakizuia.

"Kinachonikondesha ni dada. Alinipeleka, akanishika mkono, tukarudi akapika, tukala. Toka siku hiyo hajaniuliza hata najisikiaje. Nyumbani naishi kama mtu aliyevunja vyombo vya wageni."

Mchapaji alihisi uso ukimwaka. Na yeye miaka yote hiyo alijisifu moyoni kwamba amenyamaza kwa heshima! Alichapa yote, na palipokuwa kimya akachapa: "amenyamaza".

Kabla ya chakula cha mchana, Bibi Nafuu alikuwa ameshabeba "sijuti", na Bwana Majeraha ameshabeba "kinachonikondesha". Dada hakuhitajiwa na yeyote. Wakaenda kuzozana ukumbini, kila mmoja na ushahidi wake. Mchapaji aliwachukia wote wawili, ila si kama alivyojichukia mwenyewe.

Jioni alimkuta mdogo wake jikoni akiosha vyombo. Alisimama mlangoni, mkoba ungali begani.

"Mdogo wangu," alisema, "kuhusu ile siku... unajisikiaje?"

Mdogo mtu hakugeuka. Alisuuza sahani, akaisimamisha ikauke, akachukua nyingine.

"Yaani mpaka nipitie ofisini kwenu, dada, ndiyo uniulize?"

Dada mtu akanyamaza, kama kawaida yake.