Meya Aliyekataa Kushuka Mabegani

Usiku wa jana niliota uchaguzi wa meya wa jiji letu. Nasimulia ili wenye watoto wa kiume wasikie.

Madiwani wamejifungia ukumbini, wanachagua. Sisi tuko nje juani, tunakatika viuno kwa ajili ya kura tusiyokuwa nayo. Mara sanduku la kura linatoka kwa miguu yake, linacheua.

"Nani kashinda?" naliuliza.

"Sijui, mama. Mimi nimekuja hapa nimeshiba toka nyumbani."

Alishinda Bwana Lukindo. Mwanangu Chande, kimbelembele kama kawaida yake, akawa wa kwanza kumbeba mabegani. Vijana wakamzungusha uwanja mzima wakiimba. Wimbo ukaisha, wenzake wakaenda kula. Lukindo hakushuka.

"Mheshimiwa, tumefika," Chande akamwambia.

"Umefika wewe. Mimi nimepewa miaka mitano."

Uwanja ukawa jiko langu. Lukindo bado yuko shingoni mwa mwanangu, kichwa kimetoboa bati, anahutubia kunguru. Kila akitoa ahadi, Chande anapungua. Maji bombani, Chande kimo cha kinu. Taa barabarani, Chande kimo cha ndoo.

"Shuka, baba," nikamsihi. "Mtoto anaisha kama sabuni."

"Mama Chande, huko chini kuna matope."

"Si uliahidi kuyaondoa?"

"Huku juu hayapo. Njoo uangalie."

Kiatu chake cha kulia kikanifokea: "Wewe mama, heshima! Sisi hatukanyagi chini, tumechaguliwa."

"Na nani?"

"Tulipita bila kupingwa," kikajibu cha kushoto.

Nikaukamata ule mguu, nikavuta. Chande akanikemea kutoka sakafuni: "Mama, unanitia aibu! Mheshimiwa kaniahidi kazi."

"Kazi gani, mwanangu?"

"Si ndiyo hii?" akasema Lukindo, akampiga kisigino ubavuni kama mwenye punda.

Kidevu cha mwanangu kikagusa sakafu. Nikapiga yowe, nikaamka.

Kumekucha. Chande yuko mlangoni, kavaa fulana mpya yenye sura ya mgombea Lukindo, ana haraka ya kwenda ukumbini kwenye uchaguzi wenyewe.

"Mama, nani kaishusha pindo suruali yangu? Jana ilikuwa inanitosha, leo naikanyaga."

Suruali hiyo hakuna aliyeigusa. Nikatia komeo, nikauegemea mlango kwa mgongo.

"Leo huendi."