Amana ya Mwaka Mmoja

Mwalimu wa fedha alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumwona mtu anachezea hela akanyamaza. Muuza nyanya alipigiwa hesabu ya faida yake palepale gengeni. Dereva wa teksi aliulizwa ametenga kiasi gani cha matairi. Watu walimpenda, ila siku za mshahara walimkwepa. Jioni alifundisha utangulizi wa fedha katika chuo cha watu wazima, ghorofa ya pili, chumba chenye feni moja inayolalamika, na kwa miaka kumi na sita hakuna aliyemkamata amekosea hesabu.

Kaka yake alikuwa seremala. Huyo ndiye aliyeacha shule ili dada asome, akamlipia ada kwa kutengeneza vitanda. Na huyohuyo, jamani, hela haikukaa mkononi mwake hata kidogo. Akiuza kabati Ijumaa, Jumatatu anakopa gundi. Basi alipopata kazi ya madawati ya shule tatu, akalipwa hela yote kwa mkupuo, dada mtu hakulala. Jumapili mchana alifika karakana, akapangusa vumbi la mbao kwenye kigoda, akakaa.

"Leo unasoma," alimwambia.

"Profesa," kaka akasema, "mimi na darasa tuliachana zamani, tena kwa amani."

"Utasoma."

Akasoma, Jumapili nne mfululizo. Alielezwa kwamba fedha ina matawi matatu: fedha za mtu na nyumba yake, fedha za biashara, na fedha za umma, yaani kodi tunazolipa na serikali inavyozitumia. Alielezwa kwamba riba ni kama pango la nyumba: mtu akikaa na hela yako, akulipe. Kwamba hela ya leo haitanunua vilevile mwakani, maana bei hazilali. Kwamba anayekuahidi faida kubwa amekuficha hatari kubwa mahali. Yote hayo aliyaandika kwa penseli ya useremala kwenye kipande cha ubao, ulimi nje kama mtoto.

"Kwa hiyo serikali nayo inakopa?" aliuliza.

"Inakopa sana tu."

"Ahaa! Kumbe tuko wengi."

Walicheka mpaka mke wake akaja kuchungulia kuna nini.

Jumapili ya nne waliamua: hela yote iende benki, kwenye amana ya muda maalumu, mwaka mzima. Ikiiva, ananunua mashine ya randa, anaacha kuumiza mabega. Mwalimu alimtazama usoni. "Sikiliza, kaka. Hii huigusi. Ukiivunja kabla ya siku yake, riba imekwenda. Hata nikija mimi mwenyewe nalia, niambie niende zangu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Jumapili ya tano ilikuwa iwe ya akiba ya dharura: hela ya miezi michache inayokaa karibu, ya kuugua na kufiwa, ambayo mtu huitenga kwanza kabla hajafungia nyingine. Chuoni aliifundisha wiki ya pili, kila mwaka, hakuwahi kuiruka. Kwa kaka yake aliitanguliza amana kwa sababu alimjua. Aliogopa hela ingeyeyuka ikingoja. Jumapili hiyo akawa na mitihani ya kusahihisha. Iliyofuata mvua ikanyesha. "Tutamalizia," akasema kwenye simu. Hawakumalizia. Mtu asiyejua chochote angemwambia seremala afiche hela chini ya godoro, na hela ingekuwepo. Kosa lile lilihitaji msomi.

Mwezi wa kumi wa ile amana, wifi yake alitokea mlangoni mwa darasa, kanga imemteleza begani, hajali wanafunzi.

"Wifi, kaka yako anaumwa. Tumbo. Mwezi wa tano huu."

"Mwezi wa tano? Na mnanyamaza?"

"Kanikataza. Daktari alishasema kuna uvimbe, apasuliwe haraka. Yeye anasema amana haijaiva. Anameza vidonge vya dukani, anaendelea kuchonga. Leo ameanguka karakana."

Mwalimu aliacha chaki mezani na darasa likiwa limekaa. Alimkuta kaka yake kitandani, shingo imekuwa nyembamba, macho yamezama. Woga ukamtoka kama hasira.

"Mbona hukuniambia? Mimi ningelipa!"

"Ulipe kwa nini? Una wanao. Na hela ninayo."

"Sasa si uichukue!"

"Ulisema ukija unalia nikwambie uende zako." Alijaribu kucheka, tumbo likamkatiza. Alipopata pumzi akasema polepole, "Imebaki miezi miwili tu, dada. Shule niliishia njiani. Akiba sijawahi kuweka ikafika mwisho. Nilitaka hii moja niimalize."

Mwalimu alilia palepale mbele yake, kamasi na machozi, na kaka hakumwambia aende zake. Alimpa mkono.

Usiku uleule walimpeleka hospitali. Asubuhi akatia sahihi fomu ya benki akiwa amelala, na kabla ya saa tisa hela ilikuwa imetoka. Mwalimu aliongeza yake. Riba waliyonyimwa kwa kuivunja ile amana ilitosha kununua vitasa viwili na kopo la vanishi. Aliitazama risiti ya benki kwenye foleni ya malipo ya upasuaji, akajichukia kwa moyo wote.

Madaktari walimfungua, wakamfunga. Daktari wa upasuaji, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliwaita kando, wifi na yeye. "Umeenea," alisema. "Miezi mitano nyuma tungeutoa. Sasa tutampunguzia maumivu tu." Wifi alikaa chini sakafuni. Mwalimu alibaki amesimama, akishukuru na kushukuru, asijue anamshukuru daktari kwa lipi.

Aliporudi wodini kaka alikuwa macho, midomo imekauka. Akamlowesha kwa pamba.

"Profesa," alisema kwa sauti ndogo. "Riba tumekatwa kiasi gani?"

Miaka kumi na sita alikuwa hajamdanganya mtu tarakimu hata moja. Alivuta kiti, akakaa karibu.

"Hatukukatwa. Benki walisema umekaa nayo vizuri sana, wamekupa yote."

"Ya mwaka mzima?"

"Ya mwaka mzima."

"Kwa hiyo nimefaulu?"

"Umefaulu, kaka. Umeongoza darasa."

Alitabasamu, akafumba macho, akaomba mkewe aitwe aje asikie. Mwalimu akaenda kumwita, akamwelekeza njiani la kusema.

Wifi aliinama kitandani, akaambiwa habari yote tangu mwanzo, kwa maringo, na mtu aliyebakiwa na siku nne za kuishi. "Hongera, baba watoto," alisema. Akampigia makofi, taratibu, asimwamshe mgonjwa wa kitanda cha pili.